Mtaniwa Hayupo Mezani

Hotuba kwa washereheshaji na wachekeshaji, iliyohaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji

Ndugu mwenyekiti, washereheshaji wenzangu, wachekeshaji wa jukwaani, na nyinyi mliofuata chakula mkakuta kuna hotuba kwanza:

Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Washington. Serikali ya Marekani imeajiri makarani wengi kuliko vyumba vilivyopo mjini. Bwana mmoja anapita kando ya mto Potomac, anamwona mtu anazama. Anapaza sauti: "Ndugu, unakaa wapi?" Yule anataja mtaa na namba ya nyumba, kisha anakwenda chini. Huyu wa ukingoni anatimua mbio hadi kwa mwenye nyumba. "Nimekuja kupanga kile chumba. Aliyekuwamo amekufa maji sasa hivi." Mwenye nyumba anatikisa kichwa. "Umechelewa, bwana. Ameshakichukua yule aliyemsukuma."

Ahsanteni. Kichekesho hicho kimepita miaka 80 na bado kinatembea bila fimbo. Mtu aliyewahi kusumbuana na dalali wa Sinza, akadaiwa kodi ya miezi sita mkononi na juu yake hela ya kuonyeshwa chumba, hana haja ya kujua Potomac uko upande gani wa dunia.

Sasa cha pili, kutoka rafu ileile. Mwanamume yuko baa, anamlilia mhudumu. "Mke wangu ametoroka na rafiki yangu kipenzi." Pole sana, anaambiwa. "Acha tu. Nimemkumbuka mno yule rafiki."

Naona wanaume wa meza hizi wamecheka, na akina mama wa pale dirishani wamekunja mikono. Tubaki na ukumbi huu uliogawanyika, kwa sababu ndiyo mada niliyopewa: vitabu vya vichekesho vya Wamarekani wa katikati ya karne iliyopita, na jinsi ucheshi wake ulivyozeeka.

Kwanza vitabu vyenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, wachapishaji wa Marekani walivimwaga sokoni bila kuchoka. Kimoja kilichokusanywa na Lewis na Faye Copeland kiliahidi juu ya jalada lake vichekesho na visa 10,000. Vilipangwa kwa mada ili mtu achague haraka: wake, mama wakwe, walevi, wanasheria, wahubiri, maprofesa wasahaulifu, Waskoti, Waayalandi, Wayahudi, weusi. Ukitazama yaliyomo tu, kabla hujasoma kichekesho hata kimoja, umeshajua nani alikuwa akimcheka nani.

Mfalme wa biashara hiyo alikuwa Bennett Cerf, mzaliwa wa New York, mwaka 1898. Msimdharau. Ndiye aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Random House pamoja na Donald Klopfer mwaka 1927. Ndiye aliyepigania riwaya ya Ulysses ya James Joyce iruhusiwe kuingia Marekani, na mwaka 1933 Jaji John Woolsey akaamua kwamba kitabu kile si uchafu. Ndiye pia aliyemwekea Dr. Seuss dau la dola 50 kwamba hawezi kuandika kitabu cha watoto kwa maneno 50 tu yaliyo tofauti. Seuss akaweza, kitabu kikatoka mwaka 1960. Basi mtu huyohuyo, mwaka 1944, akatoa mkusanyo wake wa visa na vichekesho, Try and Stop Me, akauchapisha kwa Simon & Schuster, washindani wake. Ukauzika kama maandazi ya moto. Vikafuata vingine na vingine, na safu za magazetini, na kiti cha kudumu kwenye kipindi cha televisheni cha What's My Line? alichokikalia hadi mwaka 1967. Kwa familia nyingi za Kimarekani Cerf alikuwa yule mjomba anayekuja Jumapili na kisa kipya, ambacho ukikichunguza vizuri ni cha mwaka juzi.

Vita navyo vilisaidia. Kati ya mwaka 1943 na 1947 wachapishaji wa Marekani walishirikiana na jeshi kuchapa vitabu vidogo vya kugawiwa askari bure, nakala kama milioni 122, vingi vikiwa vipana kuliko urefu wake ili viingie kwenye mfuko wa sare. Kizazi kizima cha vijana kilizoea kusoma huku kimelala chali kikingojea amri. Walivyorudi nyumbani walirudi wasomaji, tena wasomaji wa vitu vifupi.

Lakini mnunuzi mkubwa hakuwa askari. Alikuwa ni mtu wa kazi yetu hii. Wamarekani walikuwa na vyama vya mlo wa mchana: Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, Kiwanis ya Detroit mwaka 1915, Lions, ya Chicago pia, mwaka 1917. Kila wiki chakula, na kila chakula na mzungumzaji. Kufikia mwaka 1924 kule California ikaanzishwa Toastmasters, makusudi kabisa kufundisha watu kusimama na kusema. Hebu mfikirieni meneja wa benki, au daktari wa meno, au muuza vipuri vya magari, anayeambiwa Jumatatu kwamba Alhamisi ni zamu yake. Usingizi unaruka. Anakwenda dukani, ananunua kitabu, anatafuta mada inayokaribiana na hotuba yake, kisha anaingiza: "Hilo linanikumbusha kisa kimoja..." Halimkumbushi chochote. Amekinakili jana usiku kwenye kadi.

Nawaomba mtazame nani wamekaa kwenye meza zile. Rotary ya Marekani haikulazimika kupokea wanawake mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipotoa uamuzi mwaka 1987. Toastmasters iliwafungulia mlango mwaka 1973. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 na 1950, wakati vitabu hivi vinasomwa kwa sauti kwenye mlo wa mchana, mwanamke pale ukumbini yamkini ni yule anayekusanya sahani, na yeye hakuulizwa kama amefurahi. Sasa hesabuni wale wanaochekwa: mke mfujaji wa pesa za kofia, mama mkwe asiyeondoka, dereva mwanamke aliyegonga mti na kuulaumu mti, katibu muhtasi asiyejua kuchapa ila miguu yake mizuri. Wote hawapo. Mama mkwe hana kadi ya uanachama.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hicho tu, na mengine yote ni nyongeza. Tukisema kichekesho kimezeeka huwa tunahesabu miaka. Mimi naona miaka haihusiki sana. Kichekesho cha mzamaji wa Potomac ni rika moja na kile cha mke aliyetoroka, na kimoja kinakimbia, kingine kinachechemea. Kinachochechemea kilitungwa kwa kuamini kwamba mtaniwa hatakuwapo. Siku alipoingia akavuta kiti, kikapooza.

Na wapo walioingia kwa nguvu zao. Mwaka 1955, katika klabu iitwayo Purple Onion mjini San Francisco, alipanda jukwaani mama wa watoto watano mwenye umri wa miaka 37, jina lake Phyllis Diller. Alifanya jambo rahisi la kijanja: akachukua vichekesho vya mke, akavipindua. Sasa mume ndiye mvivu, ndiye asiyefaa kitandani wala jikoni, tena akampa jina, Fang. Yeye mwenyewe alijiumbua kuliko alivyomuumbua mume: mapishi yake, nyusi zake, nywele zake zilizosimama. Alipofika mwisho, ile mada ya "wake" kitabuni ilikuwa imepata mwenyewe wa kuijibu.

Diller alikuwa na kabati la chuma la kuhifadhia kadi. Liko leo kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Lina kadi zaidi ya 50,000, kila kadi kichekesho kimoja kilichopigwa kwa taipureta, zimepangwa drooni kwa mada namna ileile ya vitabu vya Copeland na Cerf. Wengine walimwandikia akanunua, wakiwamo akina mama wa nyumbani waliokuwa wakitunga huku maharage yanachemka. Miaka ya karibuni makumbusho yaliweka picha za kadi mtandaoni, watu wa kujitolea wakasaidia kuzinakili. Nilipozipitia nilifurahi na nilichoka. Nyingi zimekufa kama vilivyokufa vile vya wanaume, maana kumcheka mume mjinga kwa mara ya elfu moja ni kazi. Ila kwenye zile hai huwezi kukosa kusikia kitu ambacho Cerf hana: msemaji anajua jikoni kunanuka nini.

Sasa nije kwa Waskoti, halafu nimguse mtani wangu mmoja. Vitabu hivi viliwashikilia Waskoti kwa ubahili. Waya wa shaba ulivumbuliwaje? Waskoti wawili walikuwa wanagombea senti moja, kila mmoja kashika upande wake. Mnacheka kwa sababu mnakijua: ni ndugu wa kile chetu cha Mchaga, kwamba ukitaka kuhakikisha amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Mimi ni Mchaga. Nimekisikia msibani kwetu, mbele ya jeneza, kutoka kwa Mpare aliyekuja kuchimba kaburi, na mjane akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mimi ninaruhusiwa kumwambia huyo Mpare kwamba kwao mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Atanijibu hapohapo. Huo ndio utani wetu: una wenyewe, una mipaka, na anayetaniwa yupo, tena zamu yake inakuja.

Mwanasosholojia Christie Davies, aliyeandika sana juu ya vichekesho vya makabila na mataifa mwaka 1990, alionyesha kwamba karibu kila nchi ina jirani yake inayemwita mjinga na mwingine inayemwita bahili, na vichekesho vinahama kutoka taifa hadi taifa kwa kubadilishwa jina tu. Sawa. Lakini mtazameni Mskoti: yeye aliuchukua ubahili wake akaupeleka jukwaani mwenyewe. Harry Lauder, nyota wa kumbi za Uingereza na Marekani mwanzoni mwa karne ile, alivaa sketi ya Kiskoti, akashika fimbo iliyopinda, akajifanya bahili, akapata utajiri. Wayahudi wa Marekani hali kadhalika: Cerf alikuwa Myahudi, na wachekeshaji kibao waliopikwa kwenye hoteli za milima ya Catskill walikuwa Wayahudi waliowachekesha Wayahudi wenzao kwa habari za mama zao. Vichekesho hivyo vimezeeka kwa heshima kiasi. Vina mvi, lakini vinakaa sebuleni.

Tunaingia sehemu ambayo haikai sebuleni.

Mada ya "weusi" kwenye vitabu hivi iliandikwa kwa tahajia ya kubomoa. Mtu mweusi akifungua mdomo, herufi zinakatwa, maneno yanapinda, ili msomaji wa kwenye klabu asome kwa sauti akiigiza. Majina yalikuwa yaleyale, kazi ni zilezile: mpagazi wa treni, mpishi, mwizi wa kuku, shahidi mahakamani asiyeelewa swali. Sitawasomea. Si kwa kuogopa. Ni kwamba hata kwa vipimo vya ufundi ni vichekesho vibovu: ukiirudisha tahajia kuwa ya kawaida, mara nyingi hakuna kinachobaki. Kicheko chote kilikuwa kwenye matamshi.

Nisiwaache mkicheka Wamarekani peke yao. Kuna wenzetu humu nchini ambao mtaji wao wote ni kumwigiza Mmasai mlinzi, au Mhindi mwenye duka, au jirani yetu wa Kenya anayebadilishana herufi mbili. Jaribuni kipimo hichohicho: semeni maneno yake kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mtazame kama kuna aliyecheka.

Halafu wako wala watu. Hii ilikuwa mada kubwa, kwenye maandishi na kwenye vibonzo: chungu kikubwa, moto, mmisionari au mpelelezi ndani yake bado amevaa kofia ngumu, na pembeni watu weusi wenye mifupa puani. Kimoja kilichozunguka sana ni hiki. Mmisionari anakutana na chifu aliyesoma Oxford. Anashtuka: "Umesoma Oxford, na bado unakula watu?" "Ndiyo," anajibu chifu, "ila siku hizi natumia uma na kisu."

Nikiri kwamba hiki kina ufundi. Kinampiga chifu na kinaipiga Oxford kwa pigo moja. Ukikisoma kwa jicho la upande unaona kinauliza kama elimu ya Waingereza hufundisha kitu kingine zaidi ya adabu za mezani. Ila fikirini kilikuwa kinachapwa lini. Jomo Kenyatta alikuwa ameshasoma London chini ya Malinowski, mwanaanthropolojia, na kutoa kitabu chake juu ya Wagikuyu mwaka 1938. Julius Nyerere alikuwa Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi alipohitimu mwaka 1952, miaka ileile Cerf anatoa mikusanyo yake. Yaani Mwafrika msomi wa chuo kikuu cha Uingereza hakuwa tena kiumbe cha kubuni. Alikuwapo, anasoma magazeti, ana darubini yake mwenyewe ya kuwatazama. Mwenye kalamu ya kichekesho hakupata habari hiyo, au aliipata ikamtia kiwewe, ndipo akakimbilia kwenye chungu.

Na huku kwetu, miaka hiyohiyo, hadithi ilikuwa imesimama kwa miguu mingine. Wazee wa Pwani wanalijua neno mumiani. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, watu walikuwa wakikwepa magari ya zimamoto jioni kwa kuamini kwamba yanabeba watu wakatolewe damu ya kutengenezea dawa za Wazungu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo akayatolea kitabu mwaka 2000. Kwa hiyo kule wanachekeshana kwamba sisi tunawapika, na huku tunatishana kwamba wao wanatunyonya. Wao walichapisha na kuuza madukani. Sisi tulinong'ona na kuwahi nyumbani kabla ya magharibi. Ukipima kwa ushahidi wa nani alimtoa nani jasho na mali, mimi naona mnong'ono ulikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kibonzo.

Chungu kile kilipinduliwa mwezi Januari 1961, na nani alikipindua ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi walikuwa wameketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth huko Greensboro, North Carolina, mahali pasipowahudumia weusi, wakakataa kuondoka. Migomo ya kukaa ikaenea Kusini. Sasa Chicago, kwenye Playboy Club, anapandishwa kijana mweusi aitwaye Dick Gregory. Ukumbini wamejaa wafanyabiashara Wazungu wa vyakula vilivyogandishwa, wengi wao watu wa Kusini. Miongoni mwa vichekesho vilivyomtambulisha miaka ile ni hiki:

"Mara ya mwisho nilipokuwa Kusini niliingia mgahawani. Dada mmoja Mzungu akaja akaniambia, 'Hapa hatuandai watu weusi.' Nikamwambia, 'Hakuna shida, hata mimi siwali. Niletee kuku mzima wa kukaanga.'"

Sikilizeni alichokifanya. Mla watu wa kwenye vibonzo ameketi mezani, amevaa suti, ana fedha mfukoni, na swali la nani anamla nani limerudishwa kwa mhudumu. Hata kuku, yule wa kwenye vichekesho vya wizi, ameagizwa kwa heshima zote na atalipiwa. Mtaniwa ameingia ukumbini, ameshika kipaza sauti, na wale waliozoea kumcheka akiwa hayupo wanamcheka akiwapo, safari hii kwa masharti yake. Walimpenda mno hata akaendelea kuitwa tena na tena. Sheria ya kufungua migahawa kwa watu wa rangi zote ilipita mwaka 1964.

Kuna mtu nyuma ya pazia hapa anayestahili kutajwa kwa washereheshaji. Robert Orben, kijana wa New York, alitoa kitabu chake cha kwanza cha maneno ya kuchekesha mwaka 1946, akiwalenga wafanya mazingaombwe wasiojua waseme nini wakati karata zinahama mkono. Akaendelea kutoa vitabu na vijarida, mzigo kwa mzigo, kwa kila mtu mwenye jukwaa na asiye na maneno. Orben huyo ni mmoja wa waliomwandikia Dick Gregory. Miaka ya 1970 akaishia Ikulu ya Marekani, akiongoza waandishi wa hotuba za Rais Gerald Ford. Kiwanda kilekile kilichowalisha mameneja wa benki kilimlisha Gregory na kikamlisha rais. Kwa hiyo sina ugomvi na kitabu cha vichekesho kama chombo. Nauliza kinatoka mkononi mwa nani, kinaelekea wapi.

Langston Hughes, mshairi mweusi wa Marekani, aliliona hilo mapema. Mwaka 1966 akatoa mkusanyo wa ucheshi wa watu weusi wenyewe, kutoka mitaani, makanisani, vinyozini na jukwaani. Ni huyu Hughes aliyefika Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Watu walewale waliochorwa wajinga katika vitabu vya Copeland na Cerf, humo ndio wenye akili, na ukiona mtu anababaika, ujue ni bosi.

Kuna ndugu kila nikizungumza haya huinuka akasema: zamani watu walikuwa na mioyo mipana, ungeweza kutania chochote, siku hizi mtu akiguswa tu amekasirika. Nampa mfano mmoja. Lenny Bruce, mchekeshaji wa zama hizohizo, alikamatwa San Francisco mwaka 1961 kwa neno moja la matusi jukwaani. Mwaka 1964 mahakama ya New York ikamtia hatiani. Akafariki mwaka 1966, na msamaha wa gavana ukaja mwaka 2003. Mioyo mipana iko wapi? Ungeweza kumtania mpishi mweusi, mke na mama mkwe mpaka upasuke. Gusa dini, gusa tendo la ndoa kwa jina lake, uone askari kanzu wamekaa meza ya tatu wanaandika. Kila zama zina watu wepesi kukasirika. Zama zile waliokasirika walikuwa na pingu.

Kuzeeka kwenyewe si jambo la karne moja. Kuna mkusanyo wa Kigiriki uitwao Philogelos, wa karne ya 4 au ya 5 hivi, wenye vichekesho 260 na ushei. Kinyozi mpayukaji anamwuliza mteja, "Nikunyoe vipi?" "Kimyakimya." Nendeni nacho Kariakoo kesho asubuhi, hakihitaji pasi wala kupigwa mswaki. Lakini humohumo kuna hiki: mtu anamlalamikia mwuzaji, "Yule mtumwa uliyeniuzia amekufa." Naye anaapa kwa miungu, "Alipokuwa kwangu hakuwahi kufanya jambo kama hilo!" Hapa nakwama kidogo. Weka mbuzi badala ya mtumwa, au simu iliyotumika, kichekesho kinasimama imara. Ni cha kila mwuzaji mwenye maneno matamu. Kwa hiyo anayechekwa si mtumwa. Na bado, mtu wa Bagamoyo au Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, hawezi kukisikia bila kumtafuta kwa macho yule aliyekufa ambaye hakuna anayeuliza alikufa kwa nini.

Sina kanuni ya kuwapa kwa vya namna hiyo. Mimi husimulia na mbuzi.

Nimalizie na hapa tulipo, maana naona sahani zimeanza kupangwa. Tuna kumbi zetu ambazo mtaniwa hayupo. Kitchen party ni mojawapo: ukumbi wa wanawake, wanaume wanachambuliwa hadi mifupa, na mimi ninayekaa nje nikingoja kumrudisha mke wangu nasikia vicheko ambavyo vikichapishwa kitabuni leo, baada ya miaka 70 vitachechemea vilevile. Sisemi tuvifunge. Watu wanahitaji mahali pa kupumulia. Ila zamani ukumbi ulikuwa na kuta. Cerf akikosea, kosa lake lilikaa rafuni likingoja vumbi. Wewe ukikosea saa tatu usiku kwenye sendoff, saa nne kasoro uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo mzima wa bibi harusi, na mama mkwe anasikiliza akiwa kitandani, amevaa miwani, anarudia kipande kilekile. Amepata kadi ya uanachama. Mimi nilishaacha kutayarisha kichekesho chochote cha mama mkwe ambacho siwezi kukisema nikiwa nimemshika mkono. Vimebaki vichache, lakini hivyo vichache yeye ndiye anayenikumbusha nikivisahau.

Maswali nitayapokea wakati wa chakula. Isipokuwa kuna Mpare mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kesi ya kuku, na naona ameshaanza kuandika kwenye leso ya karatasi. Mpeni kipaza sauti, tafadhali, na mumpe muda wa kutosha.